Nilivyoamua mukima ukae wapi kitandani

Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, nilikuwa na oda ya vitanda 12 vya ghorofa vya bweni la shule. Tuliambiwa ni siku 90 tu, kisha zikaongezwa, zikaongezwa tena. Saiprasi ya soko la Gikomba, Nairobi, ikawa adimu. Muuzaji wangu akanionyesha mukima, yaani mbao ya mgrivilea: "Fundi, huu unatoka mashambani kwa watu, hauna marufuku. Beba."

Sikubeba. Kabla ya hapo nilikuwa nimemtengenezea mama mmoja kabati la chini ya sinki kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) badala ya mbao. Bomba likavuja kidogo tu, sakafu ya kabati ikafura kama andazi na skrubu za bawaba zikachomoka kwa mkono. Nilililipia upya mfukoni mwangu. MDF bado naitumia kwenye rafu za vitabu. Kosa ni kwamba niliuliza bei na sura, sikuuliza itakutana na nini.

Safari hii nilinunua ubao mmoja wa mukima, nikakata kipande katikati, maana ncha hukauka mapema na hudanganya. Mizani ya jirani anayeoka keki ikasoma gramu 300. Akaniruhusu nikikaushe kwenye oveni yake, moto wa nyuzi 100 na kidogo, nikawa nakipima mpaka kikaacha kupungua: gramu 240. Maji yaliyotoka ni gramu 60. Ukigawa kwa 240 unapata unyevu wa asilimia 25. Fanicha ya ndani mimi huitaka karibu na asilimia 12.

Sasa, ubao ukikauka husinyaa upana, urefu haubadiliki sana. Hilo ndilo lililoniamulia. Mguu na ubavu hushikana kwa ulimi na tundu. Ulimi ukisinyaa, gundi huachia, kitanda huanza kulia, na huko juu kuna mtoto amelala. Hapo nikalipa bei ya saiprasi kavu bila kubembelezana. Chaga ni habari nyingine: ikisinyaa, pengo linaongezeka milimita mbili tatu, godoro halijui. Niliifunga kwa skrubu moja tu katikati ya kila ncha, kwa sababu ukiweka mbili ubao hukosa nafasi ya kusinyaa ukapasuka. Kabla ya hapo nililaza chaga moja juu ya matofali, nikaibebesha mifuko miwili ya simenti usiku kucha. Asubuhi nilipoitua ilikuwa imenyooka.

Mwalimu mkuu nilimweleza kabla sijakata chochote.

"Kwa nini usitumie mukima pote, bei ishuke?"

"Mwalimu, kwenye chaga naweza kukuapia. Kwenye miguu, ubao ukiwa mbichi hivi, siwezi."

Akaniambia niandike kwenye risiti mbao gani imekaa wapi. Nikaandika, na tangu siku hiyo naandika kwa kila mteja.

Jambo ambalo sikulitarajia ni vumbi. Kijana wangu wa kupiga msasa aliwashwa mikono wiki nzima. Vumbi la mukima huwasumbua watu wengine hivyo. Siku hizi mukima haupigwi msasa hapa bila barakoa na mikono mirefu.

Julai 2023 ilitangazwa kwamba marufuku imeondolewa. Miguu ya vitanda vyangu ni saiprasi, chaga bado ni mukima.