Muswada Ambao Haukupigwa Chapa

Bunge la Bajeti linapokaribia, sisi wakazi wa Dodoma hatuhitaji kutazama kalenda. Bei za vyumba vya kulala wageni zinapanda, magari yanaongezeka barabarani, na mama lishe wanaongeza sufuria. Enzi nikifundisha somo la uraia nilikuwa nikiutumia msimu huo kuwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu bungeni, wakae kwenye jukwaa la wageni na kusikiliza. Spika huwatambulisha wageni, nao husimama kwa sekunde chache, na kwa wengi wao sekunde hizo ndizo walizokwenda kuzisimulia nyumbani. Siku moja, tukiwa njiani kurudi shuleni, msichana mmoja ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji aliniuliza: "Samahani Mwalimu, yule mheshimiwa aliyezungumza vizuri halafu hoja yake ikakataliwa, maneno yake yanakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba yanaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Aliitikia kwa adabu, lakini niliona wazi kwamba nilikuwa nimemtajia yanakohifadhiwa, ilhali yeye aliuliza yanakokwenda.

Swali lile limenirudia mwaka huu nikiwa nafuatilia michango ya Mary Robinson katika Seanad, yaani Seneti ya Ireland, ambako alikaa kuanzia mwaka 1969 hadi 1989. Wasomaji wa huku kwetu wanamkumbuka kwa mambo ya baadaye: Rais wa Ireland kuanzia 1990 hadi 1997, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa hadi 2002, na mjumbe maalumu wa Umoja huo katika eneo la Maziwa Makuu mwaka 2013 na 2014. Ile miaka 20 ya useneta huwa inapitwa kwa sentensi moja, na mimi naona ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwa mtu anayependa kujua Bunge ni chombo cha namna gani.

Seneti hiyo si kama ile ya majirani zetu wa Kenya, ambako kila kaunti humchagua seneta wake. Ina viti 60. Viti 43 hujazwa na wanasiasa wenyewe, yaani madiwani na wabunge wa mabaraza yote mawili, kupitia makundi matano ya shughuli kama vile kilimo, utamaduni na elimu, kazi, viwanda na biashara, na utawala. Viti 11 hujazwa na Waziri Mkuu kwa uteuzi, jambo ambalo halitatushangaza sisi ambao Rais wetu huteua wabunge wasiozidi 10. Na viti 6 vilivyobaki huchaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu kwa kura za posta. Baraza lenyewe hukutana Leinster House, Dublin, kwenye jumba la karne ya 18 lililojengwa kwa ajili ya familia ya kikabaila. Uwezo wake ni mdogo: linaweza kuuchelewesha muswada wa kawaida kwa siku 90, na muswada wa fedha kwa siku 21, basi. Kwa ufupi ni baraza la kusema kuliko kuamua.

Robinson aliingia humo akiwa na umri wa miaka 25, mwalimu wa sheria, kwa kura za wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dublin, kinachojulikana zaidi kwa jina la Trinity. Aina ya kiti chake ina uzito katika habari hii. Mbunge wa jimbo la vijijini hapa mkoani kwetu, hata awe na fikra pana kiasi gani, akisimama lazima aanze na kisima, zahanati na barabara, kwa sababu waliomtuma wanangoja kusikia hayo, na wana haki ya kuyangoja. Wapiga kura wa Robinson walikuwa wametawanyika, wakipiga kura kwa barua, na hakuna aliyemdai daraja. Ni upendeleo wa kitabaka, sikatai. Wananchi wa Ireland waliridhia mwaka 1979 kwamba wahitimu wa vyuo vingine nao waweze kuhusishwa, lakini sheria ya kutekeleza jambo hilo ikaja kupatikana mwaka 2024! Hata hivyo, upendeleo ule ndio uliompa mtu mmoja nafasi ya kusema jambo ambalo mwenye jimbo angelisema mara moja tu katika maisha yake ya siasa.

Jambo lenyewe lilikuwa uzazi wa mpango. Sheria ya mwaka 1935 iliharamisha kuuza na kuingiza nchini vifaa na dawa za kuzuia mimba, na Kanisa Katoliki, ambalo Robinson mwenyewe alilelewa ndani yake huko Ballina katika wilaya ya Mayo, lilikuwa linataka sheria hiyo ibaki kama ilivyo. (Nilipowasimulia habari hii wazee wenzangu wa Makole walicheka, maana wakati huo UMATI, chama chetu cha uzazi na malezi bora, ilikuwa na zaidi ya miaka 10 ikifanya kazi hiyo hapa nchini.) Pamoja na maseneta wenzake wawili, John Horgan na Trevor West, Robinson alitia saini muswada binafsi wa kuirekebisha sheria hiyo. Hapa ndipo panaponivutia mimi mwalimu wa uraia. Kwetu, muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, ndipo Katibu asome jina lake katika kusomwa mara ya kwanza, hivyo kwamba hata anayeupinga anakuwa ameushika mkononi. Kwa utaratibu wa Seneti ile, muswada wa seneta ulihitaji kwanza kibali cha baraza ndipo upigwe chapa. Kibali kikacheleweshwa, na Julai 1971 wengi wakapiga kura kukikataa.

Maana yake ni kwamba nchi nzima iligombana juu ya karatasi ambayo haikuwa imechapishwa. Walioulaani muswada mimbarini hawakuwa wameusoma, na walioutetea vivyo hivyo, isipokuwa watu wachache walioshiriki kuuandika. Robinson alipokea barua za matusi kwa wingi, zikachomwa moto, na baadaye akasema alijuta kwamba zilichomwa. Wazazi wake, madaktari wote wawili, walitoka kanisani katika mji wao siku jambo hilo lilipokemewa mimbarini. Nikiisoma michango yake ya kipindi hicho, kinachonigusa ni ubaridi wake. Hapigi meza, hatafuti vigelegele. Anataja kifungu, anaeleza kinavyomwumiza nani, anarudi kwenye kifungu. Kuna watakaosema ni uwakili uliopitiliza, na mara nyingine nami nimesinzia. Lakini mtu anayezungumza akijua kura zimekwisha kumshinda hana sababu ya kuwabembeleza waliomo ukumbini, na nadhani aliwasemesha wengine kabisa.

Hao wengine walikuwepo. Desemba 1973 Mahakama ya Juu ya Ireland, katika shauri lililofunguliwa na mama mmoja aliyezuiliwa kuingiza dawa aliyoagiza, iliamua kwamba faragha ya wanandoa inalindwa na Katiba. Mwaka huo huo Robinson alikuwa amerudi na muswada mwingine. Safari hii ulipigwa chapa, ukajadiliwa katika kusomwa mara ya pili, na mwaka 1974 ukashindwa kwa kura baada ya kusemwa vya kutosha. Miezi michache baadaye serikali yenyewe ikaleta muswada wake, na Waziri Mkuu Liam Cosgrave akapiga kura kuupinga muswada wa serikali anayoiongoza. Wanafunzi wangu, waliozoea kuona mnadhimu akihesabu watu wake, wasingeniamini hata kidogo. Sheria ilipatikana mwaka 1979, ikimtaka mwananchi aende kwanza kwa daktari akaandikiwe, na ililegezwa mwaka 1985. Si ile aliyoiandika Robinson.

Njia hiyo ya kupita mahakamani pale ukumbi unapofunga mlango haikuwa ya bahati tu, kwa sababu yeye alikuwa akifanya kazi pande zote mbili. Alikuwa miongoni mwa mawakili katika shauri lililowafungulia wanawake mlango wa kuketi kama wazee wa baraza la mahakama, au jopo la wananchi kwa wanaotaka neno jingine, na mwaka 1979 alishinda huko Strasbourg, katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, shauri la Airey lililohusu msaada wa kisheria kwa asiyeweza kulipa wakili. Haki za watoto waliozaliwa nje ya ndoa alizipigia kelele ndani ya Seneti tangu miaka ya 1970, na sheria ikaja 1987. Sisi nasi tunaufahamu mwendo huu. Mwaka ule ule wa 1971 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa, na vifungu vyake vya 13 na 17, vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, vikaja kupingwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi katika Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 iliamua kwamba vinakwenda kinyume na Katiba, kisha Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2019.

Mwaka 2013 Waayalandi waliulizwa kwa kura ya maoni kama Seneti ifutwe, na asilimia 51.7 wakasema ibaki. Mimi ningekuwa kati yao, ingawa kwa shingo upande, maana baraza ambalo sehemu yake kubwa huchaguliwa na madiwani ni vigumu kulitetea mbele ya darasa la vijana.

Yule msichana sasa ni mtu mzima, na kama atayasoma haya ningependa ajue jambo moja ambalo sikulijua siku ile njiani. Robinson alipokuwa Rais, Katiba ya nchi yake haikumruhusu kuyahutubia mabaraza ya Bunge hadi serikali iidhinishe atakachosema. Aliyahutubia mwaka 1992, na tena Februari 1995, alipozungumzia Waayalandi waishio ng'ambo. Katika miaka saba ya urais alipata ruhusa hizo mbili. Alipokuwa seneta wa miaka 25, asiye na wingi wa kura, alikuwa akisimama tu.