Ubaguzi nasari Uingereza: anza na karatasi

Ukisubiri tusi ndipo uamini mtoto anabaguliwa nasari, utasubiri sana. Ubaguzi wa huku hujificha kwenye mazoea na kwenye fomu. Watoto wawili wamesukumana: wako ameandikwa "mkali", mwenzake "alikuwa amechoka". Mwanaidi amegeuzwa Mona eti jina linawashinda. Siku moja ni bahati mbaya. Wiki ya tatu mfululizo si bahati tena.

Kuna jambo la kumaliza kabla hata mtoto hajaanza. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya kijivu au samawati makalioni na kiunoni. Hayaumi, na kwa kawaida hufutika kabla ya miaka minne. Lakini mlezi asiyeyajua akibadilisha nepi huona damu iliyovilia, na akishuku kipigo ana wajibu wa kuripoti. Mwombe daktari au muuguzi wa watoto ayaandike kwenye kitabu chekundu cha afya: yako wapi na yana ukubwa gani. Siku ya kusajili, onyesha ukurasa huo na usiondoke hadi nao wameyaingiza kwenye fomu yao.

Sheria ya Usawa ya 2010, inayotumika England, Scotland na Wales, haikatazi kumtenga mtu waziwazi tu. Inagusa pia kanuni ya "wote sawa" inayoumiza kundi moja bila sababu ya msingi. Na ukiambiwa uache Kiswahili nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza, kataa. Kwa England, mwongozo wa kitaifa wa malezi ya awali unaitaka nasari yenyewe impe mtoto nafasi ya kutumia lugha ya nyumbani katika michezo.

Ukishuku, andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, maneno yaliyotamkwa, nani alikuwepo. Anza na mlezi aliyekabidhiwa mtoto wako, na uliza kuhusu tendo, usiulize nia. "Kwa nini mnambagua?" huzaa machozi na kukana. "Yule aliyemsukuma mliandika nini juu yake?" huwafanya wafungue faili.

Pasipobadilika kitu, mwandikie meneja. Sisi hupenda kumaliza mambo kwa simu, ila simu haiachi alama. Barua ya hasira hujibiwa "tunasikitika kwamba umejisikia hivyo". Barua yenye tarehe tatu na maswali matatu ni ngumu kuikwepa. England, lalamiko la maandishi kuhusu masharti ya malezi lazima lichunguzwe na ujulishwe matokeo ndani ya siku 28. Wakati huohuo omba nakala ya kumbukumbu zote za mtoto. Kwa kawaida wana mwezi mmoja kukupa.

Baada ya hapo kuna wakaguzi wa nasari: Ofsted kwa England, au Care Inspectorate kwa Scotland, au Care Inspectorate Wales. Ofsted huangalia kama nasari inatimiza masharti, haikulipi fidia. Fidia ni ya mahakama, na kwa nasari ya binafsi kesi hufunguliwa ndani ya miezi sita kasoro siku moja tangu tendo. Hapa ndipo wengi hukwama: wanangoja majibu ya meneja huku siku zinahesabika, maana lalamiko la ndani halisimamishi saa.

Kuhusu hofu ya mtoto kunyimwa nafasi, kumwadhibu mzazi kwa kulalamikia ubaguzi ni kosa jingine chini ya sheria hiyohiyo. Barua pepe ya "nafasi zimejaa" ikifika siku chache baada ya lalamiko lako, usiifute.