Filimbi Ikishalia: Refa wa Kikapu na Kuongea na Meza, Benchi na Wachezaji

Tazama mechi za kikapu hapa Dodoma, iwe Chinangali au kwenye viwanja vya shule wakati wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Ugomvi mwingi huzuka sekunde chache baada ya filimbi: kocha hajajua faulo ni ya nani, mezani, wanakokaa mwandishi wa mechi na mtunza muda, wameandika namba nyingine, na mchezaji aliyeuliza kajibiwa kwa mkato. Refa anaweza kuwa sahihi kabisa na bado akaonekana anaonea.

Viwanja vyetu vingi viko wazi. Upepo wa miezi ya kiangazi unapeperusha sauti, na spika za muziki zinamaliza kilichobaki. Kwa hiyo mikono ndiyo inayotangulia, sauti inafuata. Filimbi moja, kisha ngumi juu kama ni faulo, au kiganja wazi chenye vidole vilivyobanwa kama ni kosa la kawaida, mfano kutembea na mpira. Alama zote mbili zinamwambia mtunza muda asimamishe saa.

Kwenye faulo, refa asogee hadi mita 6 au 8 kutoka mezani, mahali ambapo hakuna mchezaji anayemkinga asionekane na meza, asimame kabisa, kisha atoe taarifa kwa mpangilio uleule kila mara: namba ya mchezaji, aina ya faulo, halafu idadi ya mitupo huru au upande mpira unakoelekea. Namba ndipo panapoharibika zaidi. Namba 13 huonyeshwa kwa mikono miwili kwa pamoja: kulia ngumi, kushoto vidole vitatu. Namba 31 huonyeshwa kwa hatua mbili: kwanza vidole vitatu, mgongo wa mkono ukiielekea meza, kisha kidole kimoja, kiganja kikielekea meza. Refa anayeonyesha huku anakimbia huzichanganya hizi mbili, faulo inaandikwa kwa mtu asiyehusika, na jambo hilo linakuja kulipuka robo ya nne mtu anapoambiwa ana faulo tano, yaani atoke mchezoni, wakati benchi lake limehesabu nne. Mwandishi akiwa bado ameinamia karatasi, msubiri ainue uso.

Aina ya faulo nayo ionyeshwe kama ilivyotokea. Mikono kiunoni ni kuziba njia. Kupiga kifundo cha mkono ni matumizi mabaya ya mikono. Kocha aliyeona kiwiko kimeguswa, akaona refa anaweka mikono kiunoni, ana haki ya kushangaa.

Sasa makocha. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinaruhusu mmoja tu kati ya kocha mkuu na msaidizi wake wa kwanza asimame kwa wakati mmoja, na msaidizi haongei na waamuzi. Kwenye mashindano ya shule, ambako walimu watatu wanne hukaa benchi moja na wote wana la kusema, ni vizuri kumaliza hili kabla ya mpira kurushwa. Wasalimie makocha wote wawili, na kila mmoja aone mwenzake anasalimiwa. Kocha mtu mzima apewe shikamoo yake. Heshima haimfungi refa. Kisha: “Kocha, leo nitaongea na wewe tu.”

Wakati wa mchezo, jibu swali, acha lawama zipite. “Refa, faulo ya nani?” ni swali. “Mnatuonea!” si swali, na ukilijibu umefungua mjadala usio na mwisho. Jibu mpira ukiwa umesimama, kwa sentensi moja: “Alimgusa kiwiko wakati anarusha, kocha.” Simama ubavuni kwake, usimkabili uso kwa uso, na usimnyooshee kidole. Usimseme refa mwenzako hata kama hukubaliani naye. Kelele zikizidi, mpe onyo moja linaloeleweka: “Nimekusikia, kocha. Inatosha.” Baada ya hapo ni teknikali (faulo ya tabia, isiyo ya kugusana), mtupo huru mmoja kwa wapinzani, bila hasira na bila hotuba. Teknikali mbili za utovu wa nidhamu wake mwenyewe zinamtoa kocha uwanjani. Matusi hayasubiri onyo.

Kwa wachezaji, maneno machache ya mapema huokoa filimbi nyingi: “Toa mkono!”, “Namba nane, toka ndani!” Tumia namba. Kikapu cha Dodoma ni cha watu wanaofahamiana, na ukimwita mmoja kwa jina la utani la mtaani, timu ya pili imeshapata lake la kusema. Nahodha anaruhusiwa kuuliza kwa adabu, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama.

Onyo la kujiangusha au kuchelewesha mchezo husahaulika sana kufikishwa benchini. Akionywa mmoja, imeonywa timu nzima kwa kosa la namna hiyo hadi mwisho wa mechi, na kocha lazima aambiwe. Asipoambiwa, teknikali itakayomwangukia mchezaji mwingine dakika kumi baadaye ataiona imetoka hewani.

Na faulo ya tano: meza inamjulisha refa, refa anamwambia mchezaji kwa sauti ya kawaida, kisha anamgeukia kocha: “Namba kumi na moja ana tano. Una sekunde 30 za kubadilisha.”