Silikanti na jeni zake za kinga: nilipofikia mpaka sasa

Haya, kwa mlioulizia, mradi wa silikanti bado unapumua. Kwa ambaye hamjui, ni yule samaki mkubwa wa kina kirefu ambaye wanasayansi waliamini katoweka tangu enzi za dinosauri mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini 1938, halafu kuanzia 2003 akaanza kunaswa Tanzania, hasa Tanga kwenye majarife ya papa, ndo serikali ikatenga hifadhi yake kule 2009. Yuko kwenye kundi la walio hatarini kabisa, na utafiti wa 2021 ulikadiria mimba yake inakaa kama miaka 5, sasa hapo ukinasa jike mmoja mwenye watoto umerudisha nyuma kizazi kizima.

Mie sivui wala sizamii, nakaa tu na laptopu usiku bando likiwa rahisi nachambua jenomu yake, yani DNA yake yote ilivyosomwa, iliyotoka 2013, herufi za DNA kama bilioni 2.86, bure kwa yeyote. Nasaka jeni za vipokezi vya kinga ya kuzaliwa nayo, yani vile vinavyomtambua kijidudu akiingia tu, kabla mwili haujapata muda wa kutengeneza kingamwili. Kilichonivuta ni kwamba waliosoma hiyo jenomu hawakuikuta jeni ya IgM, aina ya kingamwili ambayo papa anayo, sato anayo, wewe unayo. Huyu ana IgW, aina nyingine. Nikasema kama upande wa kingamwili yuko tofauti hivi, hebu tuone huku kwa walinzi wa mlangoni kukoje.

Nimeanza na TLR, familia moja ya vipokezi hivyo. Nje ya seli (au ndani ya vifuko vyake) zina marudio yenye leusini (moja ya asidi amino zinazojenga protini) nyingi yaliyojipinda, hiyo ndo sehemu ya kumshika mgeni, na upande wa pili kuna kipande kinaitwa TIR kinachopeleka taarifa. TLR5 inashika protini ya mkia wa bakteria, TLR3 inashika RNA ya nyuzi mbili ya virusi. Sasa ukisaka kwa marudio ya leusini peke yake unaletewa protini kibao zisizohusika, ukisaka kwa TIR peke yake wanakuja na kina MyD88 na vipokezi vya IL-1, protini nyingine za kinga zenye TIR ila si TLR, kwa hiyo nabakiza zenye vyote viwili tu kisha naziweka kwenye mti wa ukoo pamoja na za binadamu, kuku, chura na sato.

Mti unaelekea kulekule walikofika watafiti 2014, kwamba vifaa vyake vya kinga hii kwa ujumla vinafanana na vya wanyama wa miguu minne kuliko vya samaki wa kawaida. Sato kwenye mti kakaa mbali kweli, yani huyu wa Tanga ni ndugu yetu kuliko ndugu wa sato!

Kazi iko kwenye NLR, familia nyingine ya vipokezi vya kinga, hivi hukaa ndani ya seli. Hizi zinapenda kujirudia nakala nyingi zinazofanana, na jenomu yenyewe iliungwa kutoka vipande vifupi, N50 ya kontigi (yani nusu ya jenomu iko kwenye vipande vilivyoungana vya urefu huo au zaidi) ni herufi kama 12,700 tu, wakati jeni yenye introni ndefu, yani sehemu za katikati zisizobeba maelekezo ya protini, inapita hapo kirahisi. Matokeo yake jeni moja iliyokatika inahesabika mbili, na nakala mbili pacha zinabanwa zinakuwa moja. Ndo maana idadi siitoi. Naangalia kwanza kama kipande cha NACHT, ambacho ni alama ya NLR, kimekamilika, kisha kina cha usomaji pale, yani kila herufi imesomwa mara ngapi, kikiwa kama mara mbili ya kawaida najua kuna nakala zimelaliana. Na mtu akikwambia samaki fulani ana NLR mia kadhaa, muulize kwanza jenomu yake imeungwaje, ukinyamaziwa we ondoka.

Kinachofuata ndo nakisubiri kwa hamu. Utafiti wa 2011 ulionyesha silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi tofauti kijenetiki na la Komoro, na Wajapani nao 2013 walisoma jenomu za silikanti kadhaa, wa Tanzania wakiwemo. Tofauti kati ya mtu na mtu ni ndogo mno kwa hawa, sasa nataka nione kama ile sehemu ya TLR inayogusana na kijidudu nayo imefanana kabisa au imebaki na utofauti kidogo. Jenomu nzima laptopu haiwezi, itazimika, kwa hiyo nachomoa maeneo ya TLR tu, na ntaanza na TLR5 na TLR3. Faili za Tanzania naanza kuzishusha wikendi, umeme ukiruhusu.