Henley hadi Marlow kwa miguu, kando ya mto Thames

Kama una siku moja tu ya kutembea kando ya mto Thames, itumie kati ya Henley-on-Thames na Marlow. Ni karibu kilomita 14, nyingi tambarare, na mwenye mwendo wa kawaida huhitaji saa nne bila kuhesabu mapumziko. Njiani fuata vibao vyenye picha ya tunda la mwaloni.

Ukitoka stesheni ya Henley elekea mtoni, kisha geuka kushoto hadi daraja la mawe lililokamilika 1786. Lina uso uliochongwa kila upande juu ya tao la katikati, kazi ya Anne Damer. Vuka, kata kushoto, na kuanzia hapo mto utakuwa mkono wako wa kushoto.

Mto hapa umenyooka, na ndiyo sababu mashindano ya makasia yamefanyika Henley tangu 1839. Njia ya mbio ni mita 2,112. Wewe unaifuata kinyumenyume: mbio huanzia kwenye kisiwa cha Temple, penye kijumba cheupe alichosanifu James Wyatt 1771, na huishia karibu na mji. Wiki ya mashindano, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, usije kutembea, kwani ukingo hujaa watu na mahema.

Kwenye loki ya Hambleden, pale milango inapopandisha na kushusha boti, usipite tu. Kuna njia ndefu ya miguu juu ya kizuio cha maji inayokufikisha ng'ambo, kwenye kinu cheupe cha mbao. Maji hunguruma chini ya miguu yako. Tazama, kisha rudi ulikotoka.

Mbele kidogo, kijijini Aston, ndipo watu hukosea. Ukiona gati dogo na barabara nyembamba inayopanda kulia, ifuate. Ukizidi kung'ang'ania ukingo utakwama. Njia hii ilikuwa ya farasi waliovuta majahazi, na zamani hapa walivushwa kwa kivuko kwenda upande wa Buckinghamshire, kisha wakarudishwa kwa kivuko kingine huko Medmenham. Vivuko vimekufa, kwa hiyo mtembea kwa miguu anazunguka nchi kavu. Panda hadi baa ya Flower Pot, kata kushoto, pita mashamba yaliyo chini ya jumba la Culham Court, nawe utarudi mtoni mkabala na Medmenham. Hiki ndicho kipande pekee chenye kilima, na mandhari ya bonde kutoka juu yanastahili jasho lake.

Hurley, takriban kilomita ya 10, ni mahali pa kula. Madaraja mawili ya miguu hukuingiza na kukutoa kwenye kisiwa cha loki. Muda si mrefu utafika daraja la mbao la Temple, lililofunguliwa 1989. Kivuko cha hapo kilikoma 1953, na katikati ya miaka hiyo watembeaji walilazimika kuzunguka. Ukishavuka, mto unahamia kulia. Ng'ambo utaona kanisa la Bisham, mnara wake wa karne ya 12 ukiwa karibu kabisa na maji. Kisha linatokea daraja la Marlow lililoning'inizwa kwa minyororo, la 1832. Mhandisi wake, William Tierney Clark, ndiye aliyesanifu pia daraja la minyororo la Budapest.

Majira ya baridi vaa buti. Malisho ya kando ya mto ndiko maji huenda yanapofurika, na tope hubaki muda mrefu baada ya mvua kukatika. Shirika la Mazingira hutangaza hali ya mto kipande kwa kipande. Onyo la mkondo mkali ni la wenye boti, lakini kwako ni ishara kwamba njia huenda iko chini ya maji.

Wanaotoka London kwa treni wanafika kupitia Twyford na kurudi kupitia Maidenhead. Tiketi ya kwenda na kurudi Henley haikubaliki kwenye tawi la Marlow, kwa hiyo nunua nyingine ya Marlow hadi Maidenhead. Treni za Marlow ni chache, tazama ratiba kabla ya kukaa kunywa chai. Mwenye gari aliache Marlow asubuhi na kupanda basi kwenda Henley. Hivyo hatakimbizana na basi la mwisho jioni.