Meza Yenye Manyoya ya Zambarau

Februari 2015 nilikuwa nimepanga chumba Manzese na rafiki yangu wa tangu sekondari, mtaa wa pili kutoka Barabara ya Morogoro. Barabara ilikuwa bado inajengwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, ambayo yalikuja kuanza kazi Mei 2016. Kwetu sisi tuliokaa jirani, mwendokasi kwa wakati ule ulikuwa vumbi tu. Ukifuta meza asubuhi, mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole.

Meza yenyewe ilikuwa moja, na rafiki yangu alikuwa ameijaza masufuria. Ofisi yangu ikawa kitandani: laptopu juu ya blanketi, blanketi juu ya godoro, mgongo ukutani, chandarua kimefungwa fundo juu ya kichwa. Humo ndimo nilimokuwa naandika ripoti ya fildi, nayo ilitakiwa chuoni kabla ya mwezi kuisha.

Laptopu ilikuwa mtumba wa Uingereza. Juu ya tatu kwenye kibodi palikuwa na alama ya pauni, na ya dola ilibaki palepale kwenye nne. Mjomba aliinunua kwa shilingi 350,000, akanikabidhi akisema, "Hii si ya kuangalizia muvi, mjomba." Nikaangalizia muvi. Lakini tuyaache hayo.

Ilianza kwa kelele. Feni ilikuwa ikivuma kama mashine ya kukoboa, upande wa kushoto wa kibodi unapata moto hadi kiganja kinashindwa kutulia. Baadaye ikaanza kuzimika. Haikuaga wala kutoa onyo, inakata tu, skrini nyeusi, na aya nzima imekwenda na maji. Nikiiacha kidogo inawaka vizuri, kama hakuna kilichotokea. Alfajiri ilivumilia hata saa nzima. Saa nane mchana, Februari ile ya Dar, dakika kumi ni nyingi.

Mtu mwenye akili angeona hapo kwamba tatizo ni joto. Mimi niliona virusi. Siku zile kila flashi iliyopita steshenari ilirudi na mafaili yamegeuka shotikati, na mimi flashi yangu haikukosa steshenari. Nikampa kijana mmoja shilingi 10,000 anipigie Windows upya. Ilizimika katikati ya kazi. Akaiwasha, akaanza tena, ikazimika tena. Nyimbo zangu zote zilikwenda. Ripoti ilisalimika kwa kuwa nilikuwa nimejitumia kwenye barua pepe.

Nikashuka nayo Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Fundi aliibonyeza, akaisikiliza ikivuma, akanirudishia. "Mazabodi hiyo, bro. Laki na themanini." Yaani bodi kuu ya ndani ndiyo imekufa, na hakugusa hata skrubu moja. Mpaka leo fundi anayetaja bei kabla ya kushika bisibisi namuaga mapema.

Laki na themanini sikuwa nayo, na labda ndiyo iliyoniokoa. Wakati narudi nilishuka Magomeni Mapipa kumtafuta mzee ambaye rafiki yangu alimsifia, fundi redio wa zamani, siku hizi anashika chochote chenye waya. Kibanda chake kilikuwa na harufu ya risasi ya kuchomelea na udi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unaifanyia kazi wapi?"

"Mezani, mzee."

Sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani niliona aibu kusema kitandani mbele ya mtu wa umri wa baba yangu.

Akaigeuza kifudifudi. Kwanza akachomoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia sekunde kadhaa, umeme uliobaki ndani uishe. Akachukua karatasi ya daftari, akachora umbo la laptopu, na kila skrubu aliyoitoa akaichomeka kwenye karatasi mahali ilipotoka. "Hazilingani urefu," alisema. "Ndefu ukiipeleka kwa fupi, unatoboa kitu." Chini ya kibodi walitoka sisimizi wawili, na punje za andazi ambazo sikuzikana.

Alipofungua kifuniko cha feni alinyamaza kidogo. Kati ya feni na yale mabati membamba ya kutolea joto palikuwa na kitu kama kipande cha zulia. Akakinyofoa kwa kibanio, kikatoka kizima, kimeshikamana, akakiweka juu ya karatasi katikati ya skrubu. Kilikuwa vumbi na nyuzi. Rangi yake ilikuwa zambarau.

Akanitazama juu ya miwani. "Meza yako ina manyoya, kijana wangu?"

Blanketi langu lilikuwa la zambarau.

Hakunisema zaidi ya hapo. Alichomeka kijiti cha meno kwenye feni isizunguke, ndipo akaipuliza kwa blowa. Ikiachwa izunguke hovyo, alisema, beringi inakufa. Pesti ya juu ya prosesa, ile ya kupitishia joto, ilikuwa imekauka kama chokaa. Akaifuta kwa spiriti, akaweka nyingine, tone dogo kama punje ya mchele. Huku akifanya hayo alinieleza kwamba mashine ile huvuta hewa kwa chini, na mimi nilikuwa nimeiziba mdomo kwa godoro. "Ilikuwa haifi. Joto likizidi inajizima yenyewe isiungue. Ina akili kuliko…" Hakumalizia.

Alitaka 15,000. Nilikuwa na 12,000. Akachukua 10,000, akaniambia nyingine nauli. Kisha akaokota vizibo viwili vya soda chini ya benchi, niviweke chini ya miguu ya nyuma ya laptopu ipate kuhema.

Usiku huo nilishusha masufuria sakafuni bila kuomba ruhusa, nikafuta meza, nikaweka vizibo. Nilifika ukurasa wa kumi na moja. Rafiki yangu, ambaye miezi yote ile alikuwa akilala na ule mvumo, aligeuka kitandani kwake.

"Imezima tena?"

"Hapana. Inafanya kazi."

Akakaa kimya, nikadhani amelala.

"Basi washa feni ya chumbani," akasema. "Siwezi kulala kimya namna hii."