Iitate: Udongo Uliobebwa kwa Magunia

Basi letu dogo lilipanda milima kutoka mji wa Fukushima, Japani, likashuka kwenye mabonde ya kijiji cha Iitate. Tulikuwa maofisa kilimo kutoka Afrika, tuliokuwa mafunzoni Tsukuba. Mimi nimekulia kwenye mpunga wa Lower Moshi, Tanzania, basi macho yangu yalitangulia kwenye majaruba. Udongo ulikuwa umepauka, una kokoto, kama wa barabara mpya.

Iitate iko kilomita 40 hivi kutoka kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Tsunami iliyokiharibu kituo hicho haikufika huku. Uliofika ni upepo wenye mionzi, katikati ya Machi 2011, na mvua na theluji vikaishusha mionzi hiyo mashambani. Wanakijiji walihamishwa, na sehemu kubwa ya kijiji haikufunguliwa hadi mwisho wa Machi 2017.

Mzee mwenyeji wetu alitupeleka shambani kwake. Seziamu, elementi yenye mionzi iliyoletwa na upepo ule, hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na haizami upesi, kwa hiyo mitambo ya kuchimba ilikwangua sentimita 5 hivi za juu, udongo ukatiwa kwenye magunia meusi makubwa, kila moja kama tani moja. Pengo likafukiwa kwa udongo wa mlimani usio na rutuba.

"Sumu wameiondoa," alisema kupitia mkalimani, "na kazi ya baba yangu imekwenda nayo."

Nilimwelewa kabla mkalimani hajamaliza. Sentimita zile ndizo zilizokuwa shamba lenyewe: samadi, mabua yaliyooza, jasho la vizazi. Sasa anatia samadi upya, msimu kwa msimu. Anaweka pia mbolea ya potasiamu, kwa kuwa mmea hunyonya seziamu kwa njia ileile unayonyonyea potasiamu. Ukiipata hii ya kutosha, ile huingia kidogo sana.

Kuhusu chakula sina shaka. Tangu 2012 kiwango cha juu cha seziamu kinachoruhusiwa ni bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa kilo, na kwa miaka mingi mkoa ulipima kila gunia la mchele, mamilioni kila mwaka. Tangu mavuno ya 2015 hakuna gunia lililozidi. Nilikula wali wa mzee, nikaongeza. Wanaokwepa mchele huu kwa sababu tu ya jina la Fukushima wanamdhulumu mtu aliyefanya kila alichotakiwa kufanya.

Msitu ni habari nyingine. Ulisafishwa pembezoni mwa makazi tu, na uyoga wa mwituni na nguruwe pori bado hukutwa wamevuka kiwango. Mzee alituonyesha mlima alikokuwa akichuma uyoga kila vuli. Haendi tena.

Jioni tulipita pwani, Futaba na Okuma, yalikokusanywa magunia ya mkoa mzima. Sheria inataka udongo huo uwe umetolewa nje ya mkoa ifikapo 2045. Niliuliza utapelekwa wapi. Mahali hapo bado hapajachaguliwa.